Asiyekuwepo na Lake Lipo

Methali ya "asiyekuwepo na lake halipo" haikutungwa na mtu katili. Ilitungwa na mtu aliyewahi kuona nyama ikigawanywa. Aliyechelewa shughulini hukuta sufuria zimeshasuguliwa. Aliyekuwa safarini siku ya kikao cha ukoo hurudi akaambiwa mpaka wa shamba umesogea kidogo, na kwamba wote waliokuwepo waliafiki. Methali haisemi kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Inasema ndivyo ilivyo, na inakuonya: jitahidi uwepo.

Nimekuwa nikiigeuza kichwani tangu Agosti 2025, nilipotembea peke yangu siku nne katika nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, nikilala kwenye hema na kutafuta visanduku vilivyofichwa chini ya mawe. Swali lenyewe ni la kimaadili, ingawa limetoka kwenye mchezo: asiyekuwepo anatudai nini? Sisemi marehemu peke yake, wala vile "vizazi vijavyo" vinavyotajwa kwenye hotuba za kupanda miti. Nasema mtu yeyote tusiyemwona, tusiyemjua, ambaye hawezi kutushukuru wala kutushtaki.

Mchezo ulianza hivi. Mwaka 1854 James Perrott, mwenyeji wa Chagford aliyekuwa akiongoza wageni nyikani, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, katikati ya vinamasi vya kaskazini. Kufika pale kulikuwa safari ya kuchosha, na waliofika waliacha ndani ya chupa kadi zenye majina yao. Baadaye chupa ikawa kisanduku, na watu wakaanza kuacha zaidi ya majina. Waliacha barua na kadi za posta zilizokwisha kuandikwa anwani na kubandikwa stempu. Aliyefuata kufika, awe wa kesho au wa baada ya wiki tatu, alizichukua akazitia posta huko aendako, na za kwake akaziacha zimngoje mwingine. Ndiyo maana mchezo huu mpaka leo unaitwa kwa Kiingereza letterboxing, neno lililotokana na sanduku la barua.

Siku hizi visanduku ni vingi na barua ni chache. Ndani unakuta daftari na muhuri wa mpira wenye picha iliyochongwa: kondoo, daraja, mnara wa kanisa. Unagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lako, unagonga wako kwenye daftari la kisanduku, unaandika tarehe, unafunga, unarudisha jiwe kama ulivyolikuta. Aliyekiweka hayupo. Aliyekutangulia hayupo. Atakayefuata naye hayupo. Ni kikao kisicho na hata mjumbe mmoja ukumbini, na kila mmoja fungu lake amewekewa.

Kwa msomaji wa kwetu hili lisionekane geni sana. Nimekulia kijiji cha milimani huko Lushoto, ambako hakuna tarishi aliyewahi kubisha hodi mlangoni kwa mtu. Barua zetu zote zilikuja kwa S.L.P. ya shule. Mwalimu akienda mjini alizichukua, akazigawa kwa wanafunzi, nao wakazipeleka kwa majirani zao. Zile zisizopitia posta zilisafiri mfukoni mwa yeyote aliyekuwa anaelekea huko, juu ya bahasha pameandikwa "kwa hisani ya" na jina la mchukuzi, au bila jina lolote, mkononi mwa kondakta wa basi. Zilifika. Si zote, lakini zilifika kiasi kwamba watu waliendelea kuandika.

Nasoma Exeter, na treni ya kwenda Okehampton huchukua chini ya saa moja. Kutoka hapo unapanda kwa miguu, na ndani ya nusu siku miti imekwisha. Dartmoor ni hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 954, na sehemu yake kubwa ni nyika iliyo wazi: nyasi ngumu, udongo mweusi wa mboji unaomeza buti mpaka kifundoni, farasi wadogo wenye manyoya, kondoo waliotiwa rangi mgongoni ili kila mfugaji amjue wake. Juu ya vilima yanasimama marundo ya mawe ya itale ambayo wenyeji huyaita tor, yamepasuka kwa tabaka kama mikate ya kumimina iliyopangwa moja juu ya nyingine. Ukungu huingia bila taarifa. Mtu aliyekulia Usambara hushangaa kwa nini anajisikia yuko nyumbani mahali pasipo na mgomba hata mmoja. Sehemu ya kaskazini hutumiwa pia na jeshi kwa mazoezi ya kulenga shabaha. Bendera nyekundu ikipandishwa kwenye mlingoti, huingii, na kabla ya safari unaangalia ratiba.

Cranmere Pool nilifika siku ya pili mchana. Jina lina bwawa ndani yake, lakini bwawa halipo. Pana bonde dogo la mboji lenye nyasi zilizobeba vichwa vyeupe kama pamba, na kisanduku kimejengewa kibanda cha mawe. Wenyeji wana kisa cha bwawa lile. Meya mmoja wa zamani wa Okehampton alikufa, mzimu wake ukasumbua watu, basi ukahukumiwa uyachote maji yote ya Cranmere kwa chekecheo. Ukahangaika mpaka ulipokuta ngozi ya kondoo, ukaitandika ndani ya chekecheo, ukayamaliza maji. Nimeambiwa kwamba mji wa bondeni ulifurika. Napenda kisa hiki kwa sababu Sungura wetu angefanya vilevile, ila asingeanza kwa kuwa meya.

Haki ya kulala pale kwenye hema nayo ina historia, na ni ya karibuni. Sheria ya mwaka 1985 iliupa umma haki ya kuingia katika ardhi hizo za malisho ya pamoja, kwa miguu au kwa farasi, kwa ajili ya burudani ya nje. Januari 2023 Mahakama Kuu iliwakubalia wamiliki wa ardhi waliodai kwamba kusimamisha hema bila ruhusa yao si sehemu ya haki hiyo. Maelfu ya watu walipanda nyikani kupinga. Julai mwaka huohuo Mahakama ya Rufani iligeuza hukumu, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: kulala kwenye hema kumo ndani ya burudani. Mawakili walilipwa kubishana kama mtu aliyelala usingizi anajiburudisha. Mimi usiku ule wa pili, upepo ukizivuta kamba za hema na jiko la gesi likikataa kuwaka, ningeweza kuwa shahidi wa upande wowote.

Jambo lililonigusa katika kesi ile ni kwamba wengi wa waliotetewa hawakuwemo mahakamani. Hawakuwa hata na wazo la kuwa na kesi. Mmoja wao nilikuwa mimi. Januari 2023 nilikuwa sijawahi kulisikia jina Dartmoor, na kuna watu walitembea kwenye baridi ile ili mtu nisiyekuwepo niwekewe pa kulala.

Haki hiyo ina masharti yake. Usikae mahali pamoja zaidi ya usiku mbili. Usionekane kutoka barabarani wala kwenye nyumba za watu. Usiwashe moto. Usiache alama: ukiondoka, nyasi zisimame kana kwamba hapakuwa na mtu. Nao mchezo wa visanduku, ukiutazama haraka, ni mchezo wa kuacha alama. Hata hivyo una miiko inayofanana na hiyo. Usifiche kisanduku ndani ya makaburi na safu za mawe za kale. Usichimbe. Usitumie saruji. Kilichowekwa kiweze kuondolewa, na mahali pabaki palivyokuwa. Vijana wa rika langu tumefundishwa kutafuta "kuacha alama duniani" kana kwamba dunia ni ukuta wa choo cha shule. Ninaona heshima zaidi katika alama inayokaa chini ya jiwe mpaka atakayeitaka aje aiinue.

Siku ya tatu, karibu na kijito nisichokitaja kwa sababu kutaja ni kuvunja mwiko, nilipata kisanduku ambacho dokezo lake lilikuwa mistari miwili tu: nyuzi kadhaa za dira kutoka kilele fulani, kisha idadi ya hatua. Nilizunguka saa nzima. Kilikuwa kopo la plastiki la kawaida, la aina tunayohifadhia kiporo cha maharage, limefungwa mfuko mara mbili. Ndani mlikuwa na muhuri wa ndege, daftari lililojaa nusu, na nyuma ya daftari kadi ya posta.

Kadi iliandikwa Agosti 2022. Mwandiko ulikuwa wa mtoto, herufi kubwa zikipanda mlima, na anwani iliandikwa na mtu mzima. Ilikwenda kwa bibi yake, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Nilisoma, kwa kuwa kadi ya posta haina bahasha, na anwani na ujumbe vinakaa upande mmoja. Ilisema kulikuwa na mvua, kwamba kondoo mmoja alikula mkate wao, na kwamba babu angepapenda pale. Angepapenda. Katika kitenzi hicho kimoja mtoto alikuwa ameshasema kwa nini kadi ilikwenda kwa bibi peke yake.

Nikarudi kwenye daftari, nikahesabu. Baada ya tarehe ile walikuwa wameshapita watu tisa. Wamegonga mihuri yao, wameandika habari za hewa, mmoja amechora jua. Kadi wameiacha.

Sikuwahukumu, na mpaka sasa siwahukumu, kwa sababu nilipokaa kwenye jiwe nikiwa nayo mkononi sababu zao zote zilinijia moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa na akili. Kwanza stempu: tangu mwisho wa Julai 2023 posta ya Uingereza haipokei tena stempu za kawaida za mtindo wa zamani, zile zisizo na msimbo wa mistari pembeni, na hii ilikuwa mojawapo. Pili, atakayefuata ataichukua. Cha wengi hakina mwenyewe, na wajibu wa wengi nao ni hivyohivyo. Ya tatu ndiyo iliyonikalisha pale mpaka chai ikapoa. Imepita miaka mitatu. Mtoto si mtoto yule. Bibi huenda amehama, au amefariki, na kadi ikaangukia nyumba yenye kilio. Au yu hai, amekwisha kumzoea asiyekuwepo, na leo asubuhi apokee karatasi inayomrudisha mwanzo. Je, wema si kuiacha?

Nadhani hapa ndipo methali inapofanyia kazi yake, mahali ambapo siku zote nilidhani inafanya kazi kwa ulafi. Fungu la asiyekuwepo mara nyingi haliliwi na mwizi. Huliwa na mtu mwema anayefikiri kwa niaba yake. Kwenye kile kikao cha ukoo hakuna anayesema "tumnyang'anye". Wanasema: "Yeye yuko mjini, ana mshahara, shamba la nini?" Wanasema: "Mtoto wa kike ataolewa, atapata kwa mumewe." Wanasema: "Tumhurumie, tusimsumbue na habari hizi." Kila sentensi ina upendo ndani yake, na mwisho wa sentensi hizo mtu hana kitu. Tukishamfikiria vya kutosha asiyekuwepo, tunamwona kama tumemuuliza.

Mchukuzi wa barua hana haki hiyo. Kazi yake ilianza pale mtu alipomwamini bila kumwona, na imani ile ilihusu miguu yake na mikono yake, si busara yake. Mjumbe hauawi, tunasema, na nadhani kinga hiyo ina bei: mjumbe hachagui. Najua hoja hii ina ukingo wake. Kama ningekuta kadi ya vitisho, au ya mtu anayemwinda mwenzake, nisingesema "mimi ni miguu tu". Lakini umbali kati ya kitisho na huzuni ni mkubwa, na huzuni ya bibi yule ilikuwa mali yake. Nilikuwa nimeshikishwa, sikuwa nimerithishwa.

Niliitia katikati ya daftari langu, nikaondoka nayo.

Rafiki yangu niliyemsimulia, mtu wa sheria na mgumu wa kushawishika, alinipa mfano wa Plato. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Glaucon anasimulia habari za mchungaji aliyeokota pete inayomfanya asionekane, naye akaitumia kumlaghai malkia, kumuua mfalme na kutwaa kiti. Hoja ya Glaucon ni kwamba hakuna mtu ambaye angebaki mwema akiwa na pete hiyo. "Nyikani kwako kila mtu ana pete," akasema, "ila hakuna cha kuiba. Weka simu ndani ya kopo lile tuone." Ana haki kwa kiasi. Uaminifu wa visanduku unalindwa na kutokuwa na thamani kwa vilivyomo, na pia na kinamasi: mwizi mvivu hafiki. Tena wanaoucheza wengi wana muda, suruali za kuzuia mvua na pensheni. Mtu mwenye njaa hapimwi kwa kopo la muhuri.

Lakini hoja yake inaeleza kwa nini kopo halikuibwa. Haielezi kwa nini lilifungwa mfuko mara mbili. Ukiwa na pete, na mvua inakupiga, na vidole vimekufa ganzi, hakuna atakayejua kama umefunga mfuko mmoja au miwili. Watu tisa walioiacha kadi ile ndio haohao waliofunga vizuri hata daftari la miaka mingi likabaki kavu. Uzembe mkubwa na uangalifu mkubwa vilikaa katika mikono ileile, mchana uleule, na sijui Glaucon angewaweka wapi.

Kuna jambo jingine ambalo mchezo hauutatui, na nisiposema nitakuwa nimepamba. Asubuhi ya siku ya nne nilipitia kijiji kununua maziwa. Mwenye duka alitoka nyuma ya kaunta akanifuata rafu kwa rafu, akirekebisha makopo yaliyokuwa yamenyooka. Saa moja kabla, mwanamume aliyekuwa akichunga kondoo kwa pikipiki ya magurudumu manne alisimama kuniuliza kama nimepotea, akauliza tena baada ya mimi kujibu. Alikuwa mpole. Sikumwona akiwauliza wazee wawili wazungu waliokuwa nyuma yangu kwa mita mia mbili, wakishikilia ramani juu chini.

Ndani ya daftari mimi ni muhuri na tarehe. Hakuna anayenifuata rafu kwa rafu. Mtu yuleyule wa dukani, kama anacheza mchezo huu, huenda ameshakifunga kisanduku vizuri kwa ajili yangu bila kujua ni kwa ajili yangu. Kwa hiyo methali inaweza kusomwa kinyume: kuna mahali ambapo kutokuwepo ndiko kulikonipa fungu kamili, na kuwepo kukalipunguza. Ni rahisi kumtendea haki mtu asiye na uso. Sina hakika kama hili linausifu mchezo au linautia doa. Nadhani vyote viwili, na nadhani wema kwa asiyekuwepo ni wema wa bei nafuu iwapo mwenye nao hawezi kuupeleka mpaka kwa aliye mbele yake. Lakini bei nafuu si bure. Mtu aliyezoea kufunga mfuko wa pili ana kitu mkononi cha kuanzia.

Okehampton nilinunua stempu mpya. Sikuibandua ile ya zamani. Niliibandika mpya pembeni yake, nikaandika kwa herufi ndogo kwamba kadi ilikutwa nyikani Agosti 2025, ili yule bibi, au yeyote aliye kwenye nyumba ile, asidhani mtoto ameandika leo. Nikaitia kwenye sanduku jekundu lililo ukutani. Sikuweka anwani yangu.

Kwenye kile kisanduku cha kijitoni nilikuwa nimeacha ya kwangu. Ina stempu za kutosha kuvuka bahari, na anwani ni S.L.P. ya shule ya kijijini kwetu, kwa hisani ya mwalimu mkuu. Nilipompigia mama jioni ile na kumwamkia, aliuliza kwanza kama nimekula, kisha akauliza nililala porini peke yangu nikitafuta nini. Nikamweleza. Alinyamaza muda.

"Sasa hiyo barua yangu ataipeleka posta nani?"

"Atakayefuata kupita pale, mama."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Atapita lini?"

"Sijui, mama. Labda wiki ijayo. Labda mwakani."

Nilimsikia akivuta kiti. "Haya," akasema. "Basi nitamwambia mwalimu mkuu akishuka mjini awe anaangalia sanduku."